Kujenga kanisa kwa awamu: namna msanifu na fundi wanavyofanya kazi pamoja

Makanisa mengi ya Dodoma hujengwa kwa sadaka na harambee, na kati ya msingi na bati huweza kupita miaka kadhaa. Nimeandika mwongozo huu baada ya kuisaidia kamati ya ujenzi iliyokuwa imekwisha kusimamisha nguzo kabla ya mtu yeyote kuuliza paa litabebwa na nini.

Hatua ya 1: Michoro na kibali. Tafuteni msanifu aliyesajiliwa na mhandisi wa miundo, kisha ombeni kibali cha ujenzi halmashauri.

Hatua ya 2: Shimo la majaribio. Lichimbwe msanifu na fundi wakiwapo wote wawili. Sehemu za mabondeni zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na kuta zilizojengwa juu yake bila tahadhari hupasuka nao.

Hatua ya 3: Kikao cha paa, kabla ya kuchimba msingi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nyumba ya kuishi ina kuta za ndani zinazosaidia kubeba paa, lakini ukumbi wa ibada hauna, hivyo kenchi moja (fremu inayobeba paa) inapaswa kuvuka upana wote. Kwa upana wa mita 15, kenchi ya mbao ya mazoea haitoshi. Ni lazima mhandisi aipigie hesabu. Binafsi napendekeza chuma, kwa sababu mbao ndefu zilizokauka vizuri ni shida kupatikana, na mchwa wa huku hawana huruma.

Kila kenchi ikae juu ya nguzo. Kwa hiyo nafasi ya kenchi ndiyo inayoamua nafasi ya nguzo, na nguzo ndizo zinazoamua upana wa madirisha. Wala si kinyume chake. Mwiteni fundi wa kuchomelea kwenye kikao hicho, kwa kuwa mabamba na boliti za kushikia kenchi hupangwa kabla zege la mkanda wa juu (boriti inayozunguka juu ya kuta) halijamwagwa, na upepo wa Dodoma hung'oa paa lisilofungwa barabara. Fundi mkuu naye aeleze kenchi zitapandishwaje: mkianza na mnara wa kengele, je, winchi itapata pa kusimama? Msanifu aoneshe pia kila awamu inaishia wapi, na nondo zitakazoachwa wazi zikisubiri fedha zipakwe rojo ya saruji, zisiliwe na kutu.

Hatua ya 4: Kupiga kamba, yaani kuonesha ardhini kwa kamba kuta zitapita wapi. Tumieni futi ya chuma. Ya kitambaa huvutika. Kanisa la mita 15 kwa 36 likiwa limenyooka, kila ulalo kutoka kona hadi kona utasoma mita 39 kamili. Ulalo mmoja ukizidi mwingine, msichimbe.

Hatua ya 5: Daftari la saiti. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa hupita kuangalia kazi, na mmoja humwambia fundi asogeze mlango wa sakristia kidogo. Fundi, kwa heshima, hutii. Mkubaliane kwamba badiliko lolote litaandikwa daftarini, msanifu atalitolea mchoro na mkadiriaji majenzi gharama, kisha mwenyekiti wa kamati atasaini. Kabla ya hapo, fundi aendelee na mchoro uliopo.