Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutaja Tamathali katika Al-Inkishafi

Kwanza usome utenzi wote kwa sauti, ubeti kwa ubeti. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliutunga Pate, kisiwa cha pwani ya Kenya, mwanzoni mwa karne ya 19 kwa lahaja ya kaskazini, kwa hiyo sisi tuliojifunzia Kiswahili Kampala au Gulu tuwe na orodha ya msamiati pembeni. Hesabu mizani, yaani silabi: ni 10 kwa kila mshororo. Mishororo mitatu ya mwanzo hushirikiana kina, na wa nne hurudi kwa -ye hadi tamati. Ulimwengu ukiitwa bahari iliyochafuka, hiyo ni istiari, yaani kitu kinaitwa kingine moja kwa moja. Ukifananishwa na kisima kisicho na ukingo kwa neno "kama", hiyo ni tashbihi.

Linalowaumiza watahiniwa ni tashihisi, yaani kukivisha kisicho mtu sifa za kibinadamu. Nilimwona mwanafunzi hodari, aliyeweza kukariri maana ya kila tamathali bila kukosea, akipoteza alama nyingi katika mtihani wa majaribio kwa sababu kila alipokuta mnyama au ndege aliandika "tashihisi". Alifika kwenye majumba ya matajiri wa Pate yaliyobaki magofu, mahali ambapo makinda ya popo yananing'inia juu, bundi analia ndani, na vidaka (vishubaka vya ukutani) vilivyopambwa kwa sahani sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Lakini popo kuning'inia na bundi kulia ni tabia zao wenyewe; hakuna aliyevishwa ubinadamu hapo. Hiyo ni taswira, na uzito wake umo katika ukinzani: palipokaa fahari pamekaa ndege, na mauti hayakuhitaji kutajwa. Tashihisi aliyoitafuta ilikuwa mwanzoni, pale mshairi anapoukaripia moyo wake kama mtu mkaidi asiyesikia nasaha, naye aliipita bila kuiona. Inasikitisha, kwa kuwa ndiyo inayoubeba utenzi wote.

Mshairi anapouliza tena na tena wako wapi wakuu wale, taja balagha (swali lisilongoja kujibiwa) na takriri (kurudiarudia) pamoja, kisha ueleze kwamba jibu ni kaburi. Jina la tamathali bila kazi yake halitoshi. Jihadhari pia na nakala za fotokopi zilizokosewa herufi, na majibu ya kuazima, na haraka ya dakika za mwisho, na mshororo wowote unaodhani umeuelewa kabla ya kutazama ule unaoufuata.