Kikao cha kwanza cha mkopo wa halmashauri wa asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu: jiandaeni hivi kabla hamjaenda

Habari zenu ndugu zangu. Mi natembea na magongo tangu utotoni, ni katibu wa kikundi chetu hapa Igoma, Mwanza, na vikundi vingine vya Nyamagana na Ilemela huwa wananiita niwasaidie kuandaa makaratasi. Swali ninaloulizwa kila wiki ni moja, "kaka tumeitwa kikao cha mkopo, tuseme nini?" Sa nimeona niandike hapa mara moja, maana bando langu nalo lina mwisho.

Kwanza mjue mnachokiomba ni kitu gani. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, wanawake 4, vijana 4, sisi watu wenye ulemavu 2. Hiyo imeandikwa kwenye sheria ya fedha za serikali za mitaa, kifungu cha 37A, toka 2018, na ni mkopo usio na riba. Ukisikia mtu anataja riba, au anadai "ya kupitishia fomu", huyo ana mambo yake. Mwezi wa 4 mwaka 2023 serikali iliusimamisha, 2024 ukarudi na kanuni mpya, kwa hiyo kama una fomu ya zamani uliyopewa na shemeji yako usiijaze, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata uchukue utaratibu wa sasa.

Hatua ya 1: makaratasi

Hapa sikai sana. Katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao yenye sahihi, namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za wote, barua ya mtendaji wa mtaa, akaunti ya benki yenye jina la kikundi (siyo la mwenyekiti!!), na andiko la mradi. Majina yafanane kote, kama NIDA inasema Masanja na benki inasema Masanja M. rekebisheni mapema. Toa kopi mbili mbili, moja ibaki nyumbani.

Hatua ya 2: kaeni chini mpige hesabu ya kweli

Hii ndo yenyewe. Vikundi vingi vyetu vinaingia kwenye kikao na huruma mkononi, yaani wanategemea kamati ya mikopo ikiona baiskeli ya miguu mitatu na fimbo nyeupe itapitisha tu, aisee hapana, ile kamati inagawa hela ambayo lazima irudi, na wewe ndo utakayeirudisha. Nendeni na hesabu, na ndani ya hiyo hesabu gharama ya ulemavu wenu iwemo. Wengi wanaificha, wanaona aibu, au wanaogopa wataonekana hawawezi.

Nitawapa mfano, bei ni za mfano tu, kila mtu aweke za kwake. Kikundi cha watu wawili, kaka anatumia baiskeli ya miguu mitatu na dada ni kiziwi, wanachukua dagaa wakavu mwaloni Kirumba wanauza kwa sado (lile kopo la kupimia) Igoma. Kila wiki ndoo 20 kwa 20,000 kila moja, hiyo ni 400,000. Ndoo moja inatoa sado 5, sado ni 5,500, kwa hiyo ndoo 20 zinaleta 550,000. Toa usafiri wa mzigo, ushuru na mifuko, jumla 25,000. Inabaki 125,000. Mara wiki nne, 500,000 kwa mwezi. Wakafurahi wakaandika tunaomba 3,600,000, miezi 12, marejesho 300,000 kwa mwezi, mbona itabaki laki mbili!

Nikawaambia subirini. Kaka, wewe unafikaje Kirumba? "Bajaji, daladala hazinichukui na baiskeli." Sh ngapi kwenda na kurudi? 12,000. Nani anakupakilia ndoo? Kijana, 10,000. Dada anaongeaje na wateja wa mbali? Kwa simu ya picha, kuna binti yake anamtafsiria, bando 3,000. Hiyo ni 25,000 nyingine kila wiki na haipo popote kwenye andiko. Imebaki 100,000.

Halafu mbalamwezi. Mtu wa ziwani anajua, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa na mwezi ukiwaka sana wavuvi wanapaki mitumbwi, mzigo unakuwa haba na bei inapanda. Basi hesabuni wiki tatu tu kwa mwezi. 300,000. Yaani ile faida yote ingeishia kwenye marejesho na watu wawili wangefanya kazi mwaka mzima bure, watoto wanakula nini sijui.

Tukashusha ombi likawa 1,800,000, marejesho 150,000, inabaki 150,000, kila mmoja 75,000. Ndogo, ndio, ila ni ya kweli. Matumizi tukayaandika hivi: 800,000 mzigo wa safari mbili ili hata wateja wakichelewa kulipa biashara isisimame, 700,000 kibanda chenye meza ya kimo cha mtu aliyekaa, 300,000 tairi na matengenezo ya baiskeli maana baiskeli ile ni chombo cha kazi kama mtumbwi wa mvuvi. Kwenye kikao mama mmoja wa kamati akawauliza swali moja la mtego, "mbalamwezi mtarejesha na nini?" Kaka akafungua daftari tu.

Kama mna mwenzenu mwenye ualbino na biashara ni ya juani, mafuta ya ngozi, kofia na mwavuli wa kibanda viingie kwenye hesabu pia, siyo anasa. Asiyeona anayelipa mtu wa kumhesabia noti, aandike.

Hatua ya 3: ulizieni chumba kabla ya siku

Mi hili lilinitokea. Kikao chetu cha kwanza kabisa kilipangwa ghorofani kwenye ofisi moja hapa mjini, lifti hakuna, mwenzetu wa baiskeli akabaki chini kwenye kivuli cha mwembe saa mbili nzima, sisi juu tunaulizwa kuhusu shughuli yake tunababaika. Tuliambiwa turudi siku nyingine.

Sa hivi napiga simu siku tatu kabla. Naongea hivi: "Shikamoo mama, sisi ni kikundi fulani tumeitwa Alhamisi, tuna mwenzetu wa baiskeli na mmoja kiziwi, tunaomba chumba cha chini, na tungependa kujua kama kutakuwa na mkalimani wa lugha ya alama." Kwa adabu lakini kwa kunyooka. Mkalimani akikosekana tafuteni kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania) au mje na wa kwenu, ila jamani asiwe ndugu anayejibu kwa niaba yake, maana mashangazi wengine swali likiulizwa kiziwi hajatafsiriwa na jibu limeshatoka. Andiko lisomwe kwa sauti kwa asiyeona usiku wa kuamkia kikao, mara mbili.

Hatua ya 4: fanyeni mazoezi, kila mtu aongee

Mmoja awe kamati, wengine wajibu. Maswali yanazunguka hapohapo: mmeanza lini, mnauza wapi, nani anashika hela, mmoja akiugua itakuwaje, marejesho mtayatoa wapi. Kamati ikiona mwenyekiti peke yake ndo anaongea wanaanza kuhisi kuna kikundi cha kukodi, na kiukweli vipo, watu wazima na afya zao wanakusanya walemavu wawili wa kupigia picha halafu hela ikitoka hawaonekani. Ukiona unaitwa kwenye kikundi na hujui akaunti iko benki gani, toka mapema, ukibaki deni litakuwa na jina lako. Na kumbuka kwa upande wetu hata mtu mmoja peke yake anaweza kuomba, hulazimiki kujibandika kwa watu usiowajua.

Hatua ya 5: siku yenyewe

Fikeni mapema, mle kabla ya kwenda maana foleni ni ndefu. Daftari la mauzo lije hata kama limechafuka na mafuta, lile chafu linaaminika kuliko jipya lililoandikwa jana kwa kalamu moja. Swali usilolijua sema "hilo sijalipigia hesabu, naomba nilete kesho", usibuni.

Kabla hamjanyanyuka ulizeni vitu vitatu: majibu yatatoka lini na kwa njia gani, rejesho la kwanza linaanza mwezi gani baada ya hela kuingia, na nani mtamtafuta mkikwama, mwandike jina na namba yake hapohapo. Mkiambiwa kuna kitu kimepungua, ombeni waandike ni kitu gani, msiondoke na "mtarudi mtarudi".

Mkitoka tu kaeni popote hata kwa mama lishe, katibu aandike muhtasari wakati vichwa bado vya moto, wote wasaini, na anayeweka dole gumba aweke. Wino wa kidole mi natembea nao mfukoni.