Mkazo katika vitenzi vya Kiitaliano
Msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kiitaliano huwa amezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mazoea hayo humfaa katika parlo (nazungumza) na parliamo (tunazungumza), mradi akumbuke kwamba neno hili la pili hugawanywa par-lia-mo, silabi tatu, wala si nne kama masikio yetu yanavyotaka. Kinachokwaza hasa ni nafsi ya tatu wingi, ambamo mkazo hausogei: parla (anazungumza) huwa PAR-la-no, na abita (anakaa) huwa A-bi-ta-no, hapa mkazo ukiwa silabi ya nne kutoka mwisho. Kwa vitenzi vya kawaida vinavyoishia -are, tamka kwanza nafsi ya tatu umoja, kisha ongeza -no bila kuhamisha mkazo. Abitare yenyewe, umbo la kamusi, haitakuonyesha mkazo huo ulipo.