Jinsi ya kujikinga na VVU ukiwa gerezani (ndugu mlioko nje someni pia)

Ukisema VVU gerezani watu akili zinakimbilia kwenye ngono tu, kumbe damu nayo ina njia zake humo ndani. Kubwa kabisa ni sindano za kujidunga dawa za kulevya, maana ndani ni adimu kwahiyo moja inazunguka kwa watu kibao, na kuisuuza kwa maji hakutoshi. Tatuu ni hivohivo. Wembe omba wako, uufiche, usiazime na usiazimishe hata kwa rafiki. Ila sahani, choo, blanketi na mbu haviambukizi, msimtenge mtu kwa hayo.

Ngono ipo, tusidanganyane, na magereza mengi hayagawi kondomu. Kama zahanati ya hapo inazo chukua, kama hawana ulizia PrEP, vile vidonge unavyomeza kabla ya hatari ili VVU visikupate. Na uwe makini na anayekupa sabuni, sigara au ulinzi bure siku za kwanza, mara nyingi deni lake linakuja kudaiwa usiku.

Ukibakwa, au damu ya mtu imeingia kwenye kidonda chako, nenda zahanati saa hiyohiyo. Kuna dawa inaitwa PEP, ya kuzuia VVU baada ya tukio kama hilo, inatakiwa ianze ndani ya masaa 72 na kadri unavyowahi ndo inafanya kazi vizuri, unameza siku 28 bila kuruka. Kama unaogopa kuongea mbele ya askari sema tu umegusana na damu unataka PEP, mengine utamweleza nesi faragha. Nasisitiza hili kwasababu aibu inakula masaa na masaa hayarudi.

Pima ukiingia, kisha rudia baada ya miezi 3 kwasababu maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo cha kwanza. Kupima kunatakiwa kuwe kwa hiari yako, na kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 zinazoitwa Kanuni za Mandela zinasema mfungwa atibiwe kwa kiwango kilekile cha watu wa nje.

Kama tayari unatumia ARV, zile dawa za kufubaza VVU, sema siku ileile unakamatwa, usisubiri ufikishwe gerezani. Ndugu wapeleke kadi ya kliniki na dawa zenyewe, maana hizo siku za mwanzo mahabusu ndo watu wengi wanakatisha na virusi vinapata nafasi ya kuzoea dawa. Ukiendelea kumeza mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hauambukizi mwenzako kwa ngono. Kukohoa kokote usikupuuze, omba kipimo cha TB, selo zilizojaa zinaisambaza haraka.

Ukihamishwa gereza au tarehe ya kutoka ikikaribia, omba mapema barua ya rufaa na dawa za kutosha mpaka ufike kliniki ya huko uendako, halafu mwambie ndugu mmoja unayemwamini jina la hiyo kliniki.