Jinsi ya Kuomba Laini ya Data na Kuiunganisha na Kompyuta, Unguja na Pemba

Wanaonunua kompyuta ya mtumba Darajani au Chake Chake wengi hukimbilia laini kwanza, kompyuta baadaye. Anza na kompyuta. Ukishalipia kifurushi siku zake zinakwenda, hata kama kadi ya waifai ndani ya mashine ni mbovu.

Kwa hiyo, kabla hujatoka nyumbani, washa hotspoti ya simu uone kama kompyuta inaikamata. Isipoikamata, hakikisha haiko kwenye hali ya ndege, kisha tafuta swichi ndogo ubavuni, au kitufe chenye alama ya mnara kinachobonyezwa pamoja na Fn. Ikikataa bado, fungua orodha ya vifaa (Device Manager) kwenye Windows. Alama ya mshangao ya manjano kwenye kadi ya mtandao mara nyingi ni ya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi hiyo: haipo au ina hitilafu. Kupakua draiva kunataka intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta. Hapo chomeka simu kwa waya wa USB na uruhusu igawe intaneti kwa njia hiyo. Ingia tovuti ya mtengenezaji, andika modeli iliyobandikwa chini ya kompyuta, upakue. Kadi iliyokufa kabisa si sababu ya kutupa mashine: kadi ndogo ya waifai ya kuchomeka USB inafanya kazi ileile.

Sasa karatasi. Tangu 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole, na wakala atakuuliza namba ya NIDA, si namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Kama huna, pitia kwa sheha wako akuthibitishe kwenye fomu ya maombi, chukua cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chako cha Mkaazi, uende ofisi ya NIDA ya wilaya. Huna haja ya kungoja kadi, namba yenyewe inatosha. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zikiwa tofauti na cheti chako, shughulikia marekebisho mapema, kwani kosa hilo litakufuata hata benki.

Modemu, yaani kifaa kinachobeba laini na kurusha waifai, nayo ikague kabla ya kuinunua. Ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa yenye tarakimu 15, mara nyingi chini ya betri. Itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na usilipe mpaka jibu limerudi na jina la modeli linalingana na ulichoshika mkononi.

Kwa wakala ndipo pa kuwa macho zaidi. Mwambie wazi kwamba unataka laini ya data ya kuweka kwenye modemu, na kama tayari una laini ya mtandao huo sema mapema, maana laini ya ziada ina masharti yake. Kila unapoweka kidole umetia saini. Ukiambiwa "weka tena, haijasoma", omba uone skrini kwanza. Wapo watu waliokuja kugundua laini wasizozijua zimesajiliwa kwa majina yao, na laini ya namna hiyo ikitumika kwenye utapeli, wa kwanza kutafutwa ni mwenye jina. Kabla ya kuondoka dukani piga *106#, fuata menyu, usome namba zote zilizo chini ya NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, dai ifutwe. Na laini ya barabarani iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine usiiguse: ni kosa kisheria, na ikipotea huwezi kuirudisha.

Mama zetu wa mwani na wazee wa shamba hupata taabu hapa, kwa sababu vidole vyao vimelika na mashine haisomi. Asiondoke amevunjika moyo. Anawe mikono, aikaushe vizuri, ajaribu kidole kingine, na wakala ampe nafasi bila kumharakisha. Ni haki yake kama ya kijana yeyote.

Ukirudi nyumbani, weka laini kwenye simu kwanza uondoe PIN, ununue kifurushi, ndipo uihamishie kwenye modemu. Anwani ya ukurasa wa mipangilio na nywila vimeandikwa kwenye kibandiko chake. Kompyuta ya zamani ikiona waifai za jirani na isione yako, modemu huenda inarusha kwa masafa ya GHz 5. Ibadilishe iwe 2.4, ambayo pia hupenya ukuta vizuri zaidi. Kwa nyumba za Mji Mkongwe, zenye kuta nene za mawe na chokaa, iweke chumba kimoja na kompyuta. Kompyuta za mkononi za miaka ya mwanzo ya 2000 nyingi hazifahamu WPA2, aina ya ulinzi wa nywila ya waifai. Usiushushe ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. WPA2 ibaki imewashwa, na ubadilishe nywila ya kiwandani siku hiyohiyo, kwa waifai na kwa ukurasa wa mipangilio pia.