Somo: "Namsaidia!" Jinsi wahusika wanavyosaidiana kwenye majaribio ya ujuzi

Kwenye michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mhusika akijaribu jambo gumu, mchezaji wake hutupa dadu; katika mingi hujumlisha nyongeza ya ujuzi wake na kufaulu akifikisha namba iliyowekwa. Hilo ndilo jaribio la ujuzi. Na kila meza ina mchezaji wake wa kusema "namsaidia!" kabla mwenzake hajamaliza kueleza anachofanya. Zamani nilikuwa mimi. Neno hilo moja lilimpatia mwenzangu dadu ya pili bure, na mwongoza mchezo, yule anayesimulia na kuamua sheria, alishachoka kubishana. Siku hizi naongoza mimi, na utaratibu wangu ni huu.

Hatua ya 1: Uliza "unamsaidiaje?"

Dadu zisiguswe kabla ya jibu. Mwizi kapiga magoti mbele ya kufuli, mpiga upanga anasema anamsaidia. Unamsaidiaje? Kimya. Halafu: "Namshikia taa. Nikisikia hatua za mlinzi, naifunika kwa joho." Safi! Mwizi amepata mwanga, na mimi nimepata cha kufanya jaribio likifeli: mwanga umepenya chini ya mlango, na mtu upande wa pili ameuona.

Akikosa jibu, hakuna msaada. Mpe nafasi ya kufikiri lakini, usimkomoe.

Hatua ya 2: Je, kazi hiyo angeiweza mwenyewe?

Dungeons & Dragons toleo la 5, kitabu cha 2014, kinasema msaidizi lazima awe mtu ambaye angeweza kuijaribu kazi hiyo peke yake. Kufuli inataka ustadi wa zana za wezi; asiye nao hasaidii. Tena kuna kazi ambazo mikono minne haizidi miwili, kama kutunga uzi kwenye sindano.

Ndiyo, kwa sheria hiyo mshika taa wangu angekataliwa. Mimi humkubalia, maana maelezo mazuri nayathamini kuliko karatasi ya mhusika, ile yenye orodha ya uwezo wake. Meza yako inaweza kuamua vingine, ila amueni kabla ya mchezo, si katikati ya mlango.

Hatua ya 3: Anayejua zaidi ndiye anayetupa

Mwenye nyongeza kubwa anaongoza, mwingine anasaidia. Katika toleo la 5 anatupa dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Toleo la 3.5 lilikuwa na njia nyingine: msaidizi anatupa yake, akifikisha 10 mwenzake anaongezewa 2.

Hapa wengi hawapigi hesabu. Ukihitaji 11 au zaidi kwenye dadu, dadu ya pili inaitoa nafasi yako ya kufaulu asilimia 50 hadi 75, na hiyo ni zawadi kubwa. Ukihitaji 20 kamili, inakutoa 5 hadi chini kidogo ya 10. Ile nyongeza ya 2 ingekufikisha 15. Kwa hiyo dadu ya pili inang'aa kwenye kazi za wastani. Kwenye kazi ngumu kupindukia, nyongeza ndogo inaishinda.

Hatua ya 4: Msaada uwe na bei

Pathfinder toleo la 2, mchezo mwingine wa aina hii, inamtaka msaidizi ajiandae kwenye zamu yake, kisha atupe na kufikisha 15 (kabla ya marekebisho ya 2023 ilikuwa 20). Akiharibu vibaya sana, mwenzake anapunguziwa 1. Mchezo wa Blades in the Dark ni mkali zaidi: unampa mwenzako dadu moja, lakini mhusika wako anabeba alama moja ya msongo, na madhara yakitokea huenda na wewe yakakukumba. Hata kama mnacheza mchezo mwingine, hilo la mwisho liazimeni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, tukiwa wanne tunanyata kumpita mlinzi, kila mtu atupe?*

Mkitupa kila mtu na ikatakiwa wote mfaulu, mmekwisha. Kila mmoja akiwa na asilimia 50, wote wanne kufaulu ni kama 6 tu. Tumia jaribio la kundi: nusu wakifaulu, kundi limepita. Hapo mnafika karibu 69. Kinyume chake, msiruhusu wote wanne wapekue chumba kimoja kwa zamu. Angalau mmoja ataona kwa asilimia 94, na siri yako haina maana tena.

*Watatu tukimsaidia mmoja, anapata dadu nne?*

Hapana. Katika toleo la 5 ni mbili tu, hata msaidiwe na kijiji kizima. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wale wengine waulize wanafanya nini kwingine: nani anaangalia nyuma?

*Na ile spelo (uchawi) ya Guidance ya kuongeza dadu ya pande 4? Naweza kuiweka juu ya msaada wa mwenzangu?*

Unaweza, ni vitu viwili tofauti. Ila spelo hiyo hutamkwa kwa sauti, ina ishara za mkono, na ni lazima umguse mwenzako. Akiwa anambembeleza mfalme, wewe ukaanza kunong'ona maneno ya ajabu huku umemshika bega, unadhani walinzi watafikiri nini?

*Mchezaji wangu ni mgeni na anaona aibu kueleza. Nimnyime?*

Usimnyime. Mpe mbili achague: "Unamshikia ngazi, au unamwita mlinzi pembeni?" Baada ya vikao viwili vitatu ataanza kujibu kabla hujauliza.