Rafiki kaalikwa kuwinda muusi Uswidi, umchagulie bunduki gani?

Kuna rafiki yangu tumekua naye Majengo, tumechapwa madrasa moja, sasa yuko Uswidi mwaka wa tisa ana mke na watoto, miezi kadhaa nyuma kanipigia simu usiku wa manane ati timu ya wawindaji ya kijijini kwake imemkubali na Septemba waingia msituni kuwinda muusi, sasa nimchagulie bunduki. Kaniuliza mimi manake nshakaa kule miaka sita na kila msimu nlikuwa natoka na wazee wa huko kabla sijarudi Mombasa. Kwetu hapa ukitaja kuwinda watu hukutizama vibaya, na haki yao, Kenya ilipiga marufuku tangu 1977, lakini kule ni kawaida kama vile watu wa Old Town wanavyokwenda kuvua, na nyama hugawana kila mtu friza ikajaa.

Kwa asiyemjua, muusi ndo yule Waswidi wamwita älg. Chukua pofu, muongeze miguu ya ngamia, pua ya kuning'inia, halafu pembe pana kama sinia ya pilau. Dume likikomaa lafika kilo 400, mengine 500. Sasa mtu akisikia kilo 500 akili yaruka moja kwa moja kwa bunduki ya ndovu, na rafiki yangu alikuwa ashanitumia picha ya bunduki ya .300 Winchester Magnum, ya risasi kali ya masafa marefu, yang'aa, bei ya pikipiki. Nikamwambia yakhe tulia kwanza.

Kabla hujataja bunduki yoyote muulize mwenzio atawinda vipi. Kule mara nyingi mbwa ndo wafanya kazi, wao wamsaka muusi na kumbwekea mpaka asimame, na wawindaji wamekaa kila mtu na kituo chake wangoja. Msitu ni mzito, misonobari na vinamasi, kwa hivyo mara nyingi atapiga mita 50, mita 80, akizidi sana mia. Hiyo bunduki ya masafa marefu aliyoipenda angeenda kuitumia wapi? Mtu wa kuvua tasi kwenye mwamba humnunulii ndoano ya papa.

Halafu kuna sheria. Uswidi risasi ya muusi lazima iwe daraja la kwanza, yaani kichwa cha risasi kikiwa gramu 9 nguvu yake ikifika mita 100 isipungue jouli 2,700, na kikiwa gramu 10 kwenda juu jouli 2,000 zatosha, na kiwe cha kufunguka kikiingia nyamani, sio kile kigumu cha kijeshi. Ukishajua hivyo utaona kaliba nyingi za kawaida, yaani saizi za risasi, zaingia. 6.5x55 ni ya Waswidi wenyewe pamoja na majirani zao wa Norwei, ilianza jeshini 1894, ukiipa kichwa kizito cha gramu 10 yaangusha muusi vizuri tu na teke lake, yaani inavyokurudi begani ukifyatua, ni dogo. .308 Winchester na .30-06 wazijua kila mahali, risasi zake hazikosekani dukani. 9.3x62 nayo ina hadithi, ilitengenezwa Berlin na fundi Otto Bock mwaka 1905 kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa Kijerumani waliokuja huku Afrika, leo wazee wa Uswidi waipenda kwa muusi, lakini yapiga teke la punda.

Na hilo teke ndo jambo watu walidharau. Mtu mgeni akipigwa begani mara tano kwenye shabaha, mara ya sita afumba jicho kabla hajafyatua, hata mwenyewe hajui kama afumba. Risasi yaenda tumboni badala ya mapafuni, mnyama akimbia na maumivu, mbwa wamfuata kilomita kadhaa na timu nzima yapoteza siku, aibu tupu. Muusi hafi kwa ukubwa wa bunduki, afa kwa risasi iliyopita nyuma ya bega ikachana mapafu. Kwa mtu awindaye mara ya kwanza mimi nasema 6.5x55 au .308, basi, hayo mengine atanunua akishakuwa mzee.

Sasa sehemu ambayo karibu nimkoseshe. Nlikuwa nshamwambia achukue Tikka, zatengenezwa Finland, bolti yake, kile chuma cha kuvuta na mkono kuingiza risasi, laini kama siagi, uzito kama kilo 3, bei ya kuvumilika. Usiku nikakumbuka, huyu mtu madrasa ustadhi alikuwa akimchapa huo mkono wake wa kushoto mpaka akazoea kuandika na wa kulia! Mpira alipiga kushoto, manati alivuta kushoto. Nikampigia, nikamwambia nyoosha mikono miwili mbele, unganisha viganja ubaki na kitundu kidogo, tizama taa ya barabarani kupitia hapo macho yote wazi, sasa funga jicho moja moja. Akifunga la kushoto taa yapotea. Basi jicho lake la kulenga ni la kushoto, na bunduki ya kawaida ambayo bolti iko kulia ingemtesa maisha. Hii mfanyie mwenzio kabla hata ya kuuliza bei, ni bure na yachukua nusu dakika. Za mkono wa kushoto zapo, Tikka pia watengeneza, ila ni chache kwa hivyo aanze kutafuta mapema.

Kitako nacho ni kama kanzu, cha mtu mwingine hakikukai. Aivae ile koti yake nene ya baridi akiwa dukani, sio fulana, afumbe macho, aipandishe bunduki begani haraka, afumbue. Kama jicho liko katikati ya darubini sawasawa, hiyo yamfaa. Kama ainua shingo au avuta kichwa nyuma, airudishe. Darubini yenyewe isiwe ya kutizama mwezi, atafute inayoanzia mara 1 ya kukuza mpaka kama mara 6, manake muusi akitokea karibu na akimbia, darubini ya kukuza sana yaonyesha manyoya tu hujui ni bega au ni paja. Wengine badala ya darubini watumia kilengeo cha nukta nyekundu cha Aimpoint, kampuni ya hukohuko Malmö, na kwa msitu mzito ni nzuri sana.

Mtutu mfupi kiasi, sentimita 51 hivi, kwa sababu kule sailensa, ile ya kupunguza mlio, ni kitu cha kawaida kabisa na ukiifunga urefu waongezeka, utakwama kwenye matawi. Chuma cha stenlesi na kitako cha plastiki sio cha urembo lakini kule ni mvua na theluji, na sisi wa pwani twajua chumvi na unyevu zafanya nini kwa chuma.

Pesa ikiwa chache aulize mitumba, kule Husqvarna za zamani ziko nyingi. Aende na mzee wa timu achungulie ndani ya mtutu kama kuna kutu. Na asilipe akidhani atatoka nayo mkononi, kila bunduki yaombewa leseni yake polisi, lazima awe na mtihani wa uwindaji na kabati la chuma la kuifungia, na leseni yaweza kuchukua wiki nyingi, kwa hivyo bunduki ya Septemba hainunuliwi Agosti.

Rafiki yangu kaniletea jibu juzi, kapata 6.5x55 ya mkono wa kushoto, mtumba. Sasa kila Jumamosi yuko uwanja wa shabaha, pale wana muusi wa mbao anayepita kwa reli mita 80, na ile pesa iliyobaki kwa ile Magnum nimemwambia yote anunue risasi za mazoezi. Kaniuliza na bismillah aitaje saa ngapi, nikamwambia wakati wa kufyatua, sio akiwa amelala kituoni.